Jinsi ya kusoma kitabu cha kung fu na kukifanyia mazoezi bila mwalimu wa karibu

Vitabu vya mafunzo ya kung fu si adimu tena. Vya enzi ya Ming (karne ya 14 hadi ya 17), vya miaka ya 1920 na 1930, vya serikali ya China baada ya 1949: vingi vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na baadhi vimetafsiriwa kwa Kiingereza na watu waliojitolea. Kijana wa Mwanza au Mombasa mwenye simu na bando anaweza kukusanya kwa jioni moja vitabu ambavyo zamani mwanafunzi alingoja miaka kuonyeshwa.

Shida huanza akishakifungua. Anakuta picha ya mzee aliyevaa kanzu ndefu ya Kichina, kainua mkono mmoja, na chini yake mistari minne ya shairi inayosema korongo ametandaza mbawa. Basi, hakuna zaidi. Anajaribu kuiga, goti linaanza kuuma, faili linabaki kwenye simu halifunguliwi tena.

Jambo la kwanza kulielewa ni hili: sehemu kubwa ya vitabu hivi iliandikwa kumkumbusha mtu aliyekwisha kufundishwa. Mwalimu alikuwa uani, mwanafunzi mbele yake, na kitabu kilikuja baadaye ili somo lisipotee. Ndiyo maana vinaruka mambo ambayo mwanafunzi alikuwa nayo tayari mwilini. Asiye na mwalimu anaweza kunufaika navyo sana, ila ajue mapengo yako wapi na ayajaze vipi. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia mwenyewe, na ndio ninaowapa wanaonijia na kitabu kwenye simu wakiuliza waanzie wapi.

Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu cha aina gani

Usianze na zoezi. Anza kwa kukiweka kitabu kwenye kundi lake, maana kila kundi liliandikwa kwa shabaha yake.

Vya kale zaidi utakavyovipata kwa urahisi ni vya kijeshi. Jenerali Qi Jiguang (1528–1588), aliyepambana na maharamia kwenye pwani ya China, aliandika Jixiao Xinshu, kitabu cha kufundishia askari. Ndani yake mna sura ya ngumi yenye mikao 32, kila mkao na picha yake na shairi lake. Qi mwenyewe anasema wazi kwamba ngumi hazina kazi kubwa katika vita vya majeshi. Anazifundisha kwa sababu zinazoeza mikono na miguu kabla askari hajashika silaha. Ukiisoma sura hiyo ukitafuta siri ya kupigana mtaani, unamwomba Qi kitu ambacho hakuahidi. Kundi hilihili lina kitabu cha Cheng Zongyou juu ya fimbo ya Shaolin, alichokiandika baada ya kujifunza hekaluni kwa zaidi ya miaka kumi, na Wubei Zhi ya Mao Yuanyi ya mwaka 1621, yenye juzuu 240, iliyokusanya maarifa ya kijeshi ya zama zake, yakiwemo ya ngumi, fimbo, upanga na mkuki.

Kundi la pili ni miswada ya mkono, iliyopita kutoka baba kwa mwana au mwalimu kwa mwanafunzi. Mifupi, mara nyingi haina picha, na ina majina ya mikao na mashairi tu. Maandishi ya msingi ya taiji, mtindo wa kung fu unaofanywa polepole, yametufikia kwa njia hii. Nakala zinazotegemewa sana ni zile alizoandika Li Yiyu kwa mkono wake mwaka 1881.

Kundi la tatu ndilo lenye utajiri, nalo ni la wakati wa Jamhuri ya China, kuanzia 1912 hadi 1949. Chama cha Jingwu, cha kufundisha kung fu, kilianzishwa Shanghai mwaka 1910, Taasisi Kuu ya Guoshu (jina la kung fu wakati huo) ikafunguliwa Nanjing mwaka 1928, na wasomi walikuwa wakisema taifa halitasimama kama watu wake ni dhaifu wa mwili. Walimu ambao wazee wao walifundisha wachache nyuma ya mlango wakaanza kuchapisha. Sun Lutang alitoa kitabu cha xingyi, mtindo mwingine wa kung fu, mwaka 1915 na cha taiji mwaka 1921, yeye mwenyewe akiwa kwenye picha. Chen Weiming alitoa chake mwaka 1925, Yang Chengfu mwaka 1931 na tena 1934. Chen Xin wa kijiji cha Chenjiagou aliandika chake kuanzia 1908 hadi 1919. Alifariki mwaka 1929, kitabu kikachapishwa 1933.

Kundi la mwisho ni vitabu vilivyotoka baada ya 1949. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mfuatano uliofupishwa wa taiji wenye mikao 24 (waliopitia karate wangeuita kata), kwa ajili ya wafanyakazi, wanafunzi na wagonjwa wanaopata nafuu. Waandishi wake walijua msomaji huenda hana mwalimu, kwa hiyo wakaeleza kila mkono unapita wapi na kila mguu unakanyaga vipi. Kati ya makundi yote manne, hili ndilo lililoandikwa likimfikiria mtu kama wewe.

Hatua ya 2: Tafuta mwaka, kisha uulize nani ameshika kalamu

Vitabu vya wakati wa Jamhuri vina mwaka wa Minguo, 民國. Jumlisha 1911. Minguo 14 ni 1925, Minguo 23 ni 1934. Ukikuta mwaka wa mfalme Guangxu, jumlisha 1874, hivyo Guangxu 7 ni 1881. Hesabu hii itakulinda dhidi ya wauzaji wanaoita kila karatasi ya njano kuwa ya miaka elfu.

Halafu uliza nani aliandika maneno. Mabingwa wengi hawakuwa watu wa kalamu. Kitabu cha Yang Chengfu cha 1931 kiliandaliwa na mwanafunzi wake Dong Yingjie. Sentensi zinaweza kuwa za mwanafunzi, lakini mwili ulio kwenye picha ni wa mwalimu. Pale maneno na picha vinapopingana, mimi huandika vyote viwili daftarini na kutafuta kitabu cha tatu. Sitaki kukimbilia kuamua.

Kwenye dibaji ndiko uwe macho zaidi. Chukua Yijin Jing, kitabu cha mazoezi ya kuimarisha misuli na kano, ambacho watu wengi duniani huambiwa kiliachwa Shaolin na mtawa Bodhidharma. Kina dibaji yenye jina la jenerali Li Jing na tarehe ya mwaka 628. Katika dibaji hiyo, jenerali anasema alikipokea kutoka kwa Qiuran Ke, shujaa mwenye ndevu za kujikunja. Qiuran Ke ni mhusika wa hadithi ya kubuni ya enzi ya Tang! Hakuwahi kuishi, kwa hiyo hangeweza kumkabidhi mtu kitabu. Mwanahistoria Tang Hao (1897–1959) na wenzake waliichambua dibaji hii na kuonyesha ni ya kughushi, na wataalamu leo wanakiweka kitabu hicho kwenye karne ya 17.

Je, mazoezi yake ni mabaya? Hapana. Kunyoosha mgongo na mabega kwa utaratibu kunamfaa mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, awe Bodhidharma alihusika au hakuhusika. Umri wa kitabu na thamani ya zoezi ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Hatua ya 3: Chagua kimoja, nacho kiwe cha mikao 24

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya Shaolin, ngumi za haraka na fimbo. Hata hivyo nakushauri kwa moyo wote: ufundi wa kusoma vitabu hivi jifunzie kwenye mikao 24 ya taiji. Mwendo ni wa polepole, hivyo una muda wa kusoma, kusimama, kurudi na kusahihisha bila kuteguka. Maelezo ni kamili. Tafsiri za Kiingereza ni nyingi na video zake hazihesabiki, kwa hiyo una pa kulinganishia. Ukikataa kabisa taiji, tafuta kitabu cha changquan (ngumi ndefu, mtindo wa mwendo wa haraka) cha kundi hilohilo la baada ya 1949, chenye picha zenye mishale.

Cha Chen Xin kiache kwanza. Ni kazi kubwa mno, ila kimejaa mafundisho ya Yijing (kitabu cha kale cha ubashiri), mishipa ya tiba ya Kichina na michoro ya nguvu inayozunguka mwilini. Bila miaka kadhaa ya mazoezi utasoma maneno tu.

Hatua ya 4: Zoea majina na herufi chache

Jina moja huandikwa kwa sura nyingi. Vitabu vya zamani vya Kiingereza huandika majina ya mitindo T'ai Chi Ch'uan, Hsing-i na Pa Kua; mfumo wa Pinyin, wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, ulioidhinishwa China mwaka 1958, huandika Taijiquan, Xingyi na Bagua. Watu wa Guangdong na Hong Kong hutumia matamshi ya Kikantoni, na hapo mtindo wa Hongjia unakuwa Hung Gar na mwalimu Lin Shirong anakuwa Lam Sai-wing. Unapotafuta mtandaoni jaribu sura zote, vinginevyo utakosa nusu ya vilivyopo.

Huhitaji kujua Kichina ili ujielekeze kwenye ukurasa. Zikariri hizi: 左 ni kushoto, 右 ni kulia, 手 mkono, 足 na 脚 mguu, 步 hatua, 拳 ngumi, 棍 fimbo, 槍 mkuki, 刀 upanga wenye makali upande mmoja, 劍 wenye makali pande mbili, 圖 picha. Vitabu vipya hutumia herufi zilizorahisishwa, kwa hiyo 槍 inakuwa 枪, 劍 inakuwa 剑 na 圖 inakuwa 图. Kitabu cha zamani hufunguliwa kutoka kulia, na mistari yake inashuka kutoka juu kwenda chini. Kamera ya simu inayotafsiri huchanganyikiwa na maandishi hayo, hasa yale yasiyo na nukta wala mkato. Ukikwama kabisa kwenye mstari unaouhitaji, zipo Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Peleka ukurasa mmoja, si kitabu kizima, na swali moja lililo wazi. Anayefundisha lugha atakusomea maneno. Maana ya kimwendo utaitafuta mwenyewe.

Hatua ya 5: Andika orodha kabla hujasogeza mguu

Chukua daftari, andika majina ya mikao yote kwa mpangilio kwenye ukurasa mmoja. Baada ya kuanza, kuchanua singa za farasi mwitu, korongo mweupe kutandaza mbawa, kufagia goti, kupiga gambusi, kumrudisha nyuma nyani, kushika mkia wa shomoro kushoto na kulia, mjeledi mmoja, mikono ya mawingu, na kuendelea hadi kufunga. Orodha kama hii huitwa quanpu, na katika koo nyingi ndiyo iliyokuwa kitabu chote.

Ukiitazama vizuri utagundua kazi ni ndogo kuliko inavyoonekana. Farasi mwitu hufanywa mara tatu mfululizo, kufagia goti mara tatu, nyani mara nne. Mkia wa shomoro ni mkao uleule, kwanza kushoto kisha kulia. Weka alama kwenye vinavyojirudia na ujifunze kila kimoja mara moja, vizuri.

Majina hayo usiyadharau. Mjeledi mmoja upo kwenye taiji, na jina lake unalikuta pia kati ya mikao 32 ya Qi Jiguang ya karne ya 16. Kufuatilia jina moja kutoka kitabu hadi kitabu ni njia nzuri ya kuona jinsi mwendo ulivyobadilika, na kwangu ni sehemu tamu kuliko zote ya usomaji huu.

Hatua ya 6: Soma picha kwa mishale, kisha kwa mwili

Katika vitabu vya mikao 24, mstari mzima wenye mshale huonyesha njia ya mkono na mguu wa kulia, na mstari wa vidoti ule wa kushoto. Thibitisha kwenye kurasa za mwanzo, maana kitabu huwa kinasema. Kumbuka pia kwamba mshale uliochorwa kwenye picha ya 14 unaonyesha safari ya kwenda picha ya 15. Wengi huusoma kama njia iliyomleta mtu hapo, na mwendo wote unageuka.

Mielekeo hutajwa kwa saa. Unaanza ukitazama saa 12 ya uso wa saa, na sehemu ya kwanza inaelekea saa 9, yaani kushoto kwako. Hizi ni namba zilizo kwenye saa ya ukutani. Usizihesabu kwa saa zetu za Kiswahili.

Picha za kundi la Jamhuri hazina mishale. Zinaonyesha mwisho wa mwendo tu, na katikati pana shimo. Pia kuna hatari ya picha iliyogeuzwa wakati wa kuchapa au kuskani. Tazama vifungo: kanzu ya Kichina hufungwa upande wa kulia wa aliyeivaa. Ukiona vifungo viko kushoto kwake, picha imegeuka na mikono yote imebadilishana.

Sasa tuchukue mkao mmoja tuufanye pole pole: kufagia goti, upande wa kushoto.

Mkono wa kulia unashuka mbele ya mwili, unazunguka chini kwenda nyuma, unapanda hadi nje ya bega la kulia, kiwiko kimekunjwa kidogo, kiganja kwenye kimo cha sikio. Wakati huohuo wa kushoto unapanda na kuja kulia, unatua mbele ya kifua upande wa kulia. Mguu wa kushoto unavutwa karibu na wa kulia, ncha ikigusa chini. Macho yako kwenye mkono wa kulia. Hiyo ni nusu.

Nusu ya pili, kiwiliwili kinageuka kushoto, mguu wa kushoto unapiga hatua mbele, kisigino kwanza. Uzito unahamia mbele taratibu, goti la mbele linakunjwa bila kupita ncha ya mguu, wa nyuma unanyooka. Mkono wa kulia unapita kando ya sikio na kusukuma mbele kwenye kimo cha pua. Wa kushoto unashuka, unapita mbele ya goti bila kuligusa na kutulia kando ya nyonga, vidole vikitazama mbele.

Kipimo kimoja kitabu kinakupa na watu wanakipuuza: ukiwa umesimama mwisho wa hatua hii, visigino viachane kwa upana kama sentimita 30. Ukiviweka kwenye mstari mmoja utayumba, na utadhani tatizo ni nguvu za miguu.

Ambalo ukurasa hausemi kwa sauti ni kwamba mkono wa kulia haujisukumi wenyewe. Kiuno kinageuka, uzito unahama, na mkono unafika wakati goti linafika. Kiganja kikitangulia ukabaki unasubiri mguu, rudia. Hapa ndipo video inasaidia. Iweke kwenye nusu ya kasi, isimamishe pale ilipo picha ya kitabu, na uangalie nini kilitokea kati ya picha moja na nyingine. Kitabu kwanza, video baadaye. Ukianza na video utaiga umbo la mtu fulani, pamoja na mazoea yake mabaya, bila kujua ulipaswa kutazama nini.

Kaa na mkao mmoja wiki nzima kama inabidi.

Hatua ya 7: Mashairi yafungue kwa kuyatafutia mkao

Kama tenzi zetu zilivyobeba maarifa ya dini na adabu kwa sababu vina na mizani hukaa kichwani, mashairi ya vitabu hivi yalitungwa yaimbwe na kukaririwa, mengi kwa mistari ya silabi saba. Yanaonekana kama mafumbo mpaka uyapeleke kwenye orodha yako ya hatua ya tano.

Mfano ni wimbo wa mazoezi ya kusukumana mikono katika taiji. Mstari wa kwanza unasema peng, lü, ji na an lazima vizingatiwe kwa dhati. Wengi huishia kuyashangaa maneno hayo manne. Fungua mkao wa kushika mkia wa shomoro: mkono wa mbele unapanda na kupokea, hiyo ni peng, mikono miwili inavuta kupitisha nyuma kando ya mwili, lü, mkono wa nyuma unasaidia wa mbele kubana, ji, viganja vyote vinasukuma, an. Mstari mzima wa shairi ni mkao mmoja, kwa mpangilio uleule.

Wimbo huohuo una maneno mashuhuri, kwamba liang nne zinageuza jin elfu moja. Hivi ni vipimo vya uzito: jin ya zamani ilikuwa na liang 16, hivyo liang nne ni robo ya jin. Mshairi anakuambia usikutane na uzito uso kwa uso; uguse pembeni, uupe mwelekeo mwingine. Hilo utalijaribu kwenye hatua ya tisa.

Kwa kanuni za jumla, tafuta zile kumi za Yang Chengfu zilizoandikwa na Chen Weiming. Zimo: kulegeza kiuno, kutofautisha mguu wenye uzito na mtupu, kushusha mabega na viwiko, kutumia nia badala ya nguvu. Chukua kanuni moja tu kila siku na upite nayo kwenye mfuatano mzima. Zote kumi kwa pamoja hazibebeki.

Hatua ya 8: Geuza vipimo

Cun na chi ni vipimo vya urefu vya Kichina. Cun hupimwa kwa mwili wako mwenyewe: upana wa vidole vyako vinne pamoja ni cun tatu. Kitabu kikisema cun tatu chini ya kitovu, weka vidole vinne chini ya kitovu, umefika, uwe mrefu au mfupi. Chi ya leo ni kama sentimita 33, ya enzi ya Ming ilikuwa fupi kidogo. Cheng Zongyou anataka fimbo ya chi 8 hadi 8 na nusu, yaani kama mita mbili na nusu au zaidi. Ukifanya mbinu zake kwa kijiti cha mita moja na nusu, nyingi hazitaleta maana, na kosa si lake.

Hatua ya 9: Mwite mtu wa pili

Mkao haujaeleweka mpaka umeujaribu na mtu. Mwombe ndugu au rafiki akusukume kifuani taratibu, kwa mkono mmoja, akiongeza nguvu polepole. Usimzuie. Geuza kiuno, mpitishe kando kwa lü, na uone kama anapoteza mizani bila wewe kukaza mabega. Kisha mwambie asogeze ngumi ya chini kuelekea tumboni. Mkono wako wa kushoto uifagie, wa kulia ufike kifuani kwake. Hapo utaelewa kwa nini kitabu kilitaka mikono yote miwili ifike kwa pamoja. Mkubaliane tangu mwanzo juu ya kasi, na anayesema basi asikilizwe.

Jambo likigoma baada ya kujaribu kwa utulivu, rudi kwenye picha kabla hujailaumu mbinu. Mara nyingi ni mguu uliokosea.

Hatua ya 10: Kurasa za kuruka

Vipo vitabu, hasa vya miaka ya 1930, vinavyofundisha kupiga kokoto na vyuma ili mkono uwe mgumu. Usifanye haya kutoka kitabuni. Mifupa ya kiganja na mishipa yake haina vipuri, na mwalimu aliyekuwa akisimamia hayo alikuwepo pale kila siku akitazama rangi ya ngozi.

Vilevile usichanganye dawa za kuchua zilizoorodheshwa mwishoni mwa vitabu. Baadhi zina mizizi ya akoniti, ambayo ni sumu na hupenya hata kwenye ngozi, na nyingine zina madini yenye zebaki. Mazoezi ya kubana pumzi kwa nguvu yaache kabisa kama una shinikizo la damu. Maumivu ya paja ni ya kawaida kwa anayeanza kusimama mkao wa farasi (miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa). Maumivu ndani ya goti si ya kawaida, nayo yanakudai uinuke juu zaidi na uhakikishe goti na ncha ya mguu vinatazama upande mmoja.

Baada ya mikao 24

Utakapoweza kuupita mfuatano wote bila kufungua daftari, chukua kitabu cha pili: cha Yang Chengfu cha 1934. Mfuatano wa 24 ulitolewa kwenye mtindo wa Yang, kwa hiyo utakuta korongo, gambusi na mkia wa shomoro ukiwa tayari unavifahamu, na shimo lililo kati ya picha mbili mwili wako utalijaza wenyewe. Anza na mkao unaoupenda kuliko yote, weka vitabu viwili sambamba, na uandike wapi mkono umehama, wapi hatua imepanuka. Kisha ufuate mkao huohuo nyuma zaidi, kwa Chen Weiming mwaka 1925, na pembeni, kwa Sun Lutang mwaka 1921, ambaye hatua zake ni fupi na mguu wa nyuma humfuata wa mbele kila anaposogea.